Gesi, Mafuta na Metali: Historia ya Utangamano wa Kikemia katika Mitambo ya Kupoza, 1834–2016

Historia ya ubaridi unaotengenezwa kwa mashine imezoeleka kusimuliwa kama historia ya gesi. Msimulizi huanza na etha, akafuatisha amonia, akaja kwenye klorofluorokaboni, yaani CFC, kisha akamalizia na tundu la ozoni na mikataba ya kimataifa. Masimulizi hayo si ya uongo, lakini yana upungufu mmoja mkubwa: yanaichukulia gesi kana kwamba inakaa peke yake. Ndani ya jokofu hakuna kinachokaa peke yake. Kipozeo, ambacho mafundi wa Afrika Mashariki hukiita gesi tu hata kinapokuwa kimiminika, huzunguka pamoja na mafuta ya kulainishia kompresa. Katika mzunguko huo hugusa shaba ya mabomba, chuma cha silinda, alumini ya pistoni, mpira wa sili, vanishi ya nyaya za mota na punje za kikaushio. Vyote hivi hufungiwa pamoja kwa miaka kumi, ishirini, pengine thelathini, upande mmoja kwenye joto linaloweza kuzidi nyuzi 100 za Selsiasi na upande mwingine kwenye baridi iliyo chini ya sifuri. Kimojawapo kikianza kumla mwenzake, mtambo hufa. Na mara chache, kama itakavyoonekana, hufa hata mtu.

Hoja ya insha hii ni kwamba kila kipozeo kilipobadilishwa, mwili mzima wa mtambo ulilazimika kubadilika pamoja nacho. Aidha, elimu ya nini kinapatana na nini ilipatikana kwa gharama, ikaandikwa vitabuni, kisha sehemu yake ikafifia pale kipozeo kilichoizalisha kilipoondoka sokoni. Kufifia huko kulikuwa na mchango katika vifo vya mwaka 2011 ambavyo tutavijadili kwa kirefu. Neno utangamano linatumika hapa kwa maana finyu: uwezo wa vitu viwili au zaidi kukaa pamoja ndani ya mtambo uliofungwa bila kumenyuka kikemia, na bila kimoja kukivimbisha, kukiyeyusha au kukikausha kingine.

Metali zilizokataliwa na amonia

Hataza ya Jacob Perkins, Mmarekani aliyekuwa akiishi London, ilitolewa mwaka 1834, nayo ndiyo ya kwanza kueleza mzunguko wa kugandamiza mvuke unaotumika hadi leo. Kipozeo chake kilikuwa etha. Baadaye James Harrison wa Geelong, Australia, alijenga mashine za etha zilizofanya kazi ya kibiashara katika miaka ya 1850. Kwa upande wa metali etha haikuwa na ugomvi mkubwa. Hatari yake ilikuwa moto. Shinikizo lake upande wa baridi ni dogo kuliko la anga, hivyo kila ufa ulivuta hewa ndani, na mchanganyiko wa hewa na etha hulipuka. Hapo hatutakawia.

Swali la utangamano lilikuja na amonia. Carl von Linde, mhandisi wa Munich, alianza na etha ya methili, kisha mwaka 1876 akahamia kwenye amonia, wateja wake wa mwanzo wakiwa watengenezaji wa bia. Amonia hupoza vizuri sana, ni rahisi, na harufu yake kali humwonya mtu mapema. Hata hivyo, amonia yenye unyevu, palipo na oksijeni hata kidogo, huishambulia shaba na kuunda misombo ya rangi ya buluu iliyokolea. Mwanafunzi yeyote wa sekondari aliyewahi kudondosha amonia katika myeyusho wa chumvi ya shaba anaikumbuka rangi hiyo. Shaba ya njano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki, huathirika kwa namna ya hila zaidi, kwani hupasuka ghafla hata pasipo dalili kubwa ya kuliwa. Jeshi la Uingereza nchini India lilikutana na jambo hilo mahali pasipo na jokofu lolote: maganda ya risasi yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi yalipasuka wakati wa mvua za masika. Mwaka 1921 watafiti Moore, Beckinsale na Mallinson walichapisha uchunguzi ulioonesha kwamba mkosaji katika mipasuko ya aina hiyo ni amonia.

Kwa sababu hiyo mtambo wa amonia ulijengwa kwa chuma na feleji tupu, toka kompresa hadi vali ya mwisho. Hata mafuta yake yalichaguliwa kwa kanuni ileile. Mafuta ya wanyama na ya mimea, ambayo karne ya 19 iliyatumia sana kulainishia mashine, hugeuka kuwa kitu mfano wa sabuni yanapokutana na amonia, kwa hiyo mafuta ya madini yaliyosafishwa yalishika nafasi yao. Nayo hayayeyuki ndani ya amonia. Hutuama chini ya vyombo, na fundi huyafungulia na kuyatoa kwa mkono.

Athari ya kijamii ya ukweli huu wa kikemia haijapewa uzito unaostahili. Mota ya umeme imesukwa kwa nyaya za shaba. Kama shaba haiwezi kukaa ndani ya amonia, basi mota haiwezi kufungiwa pamoja na kompresa. Ni lazima ikae nje na kuizungusha kompresa kwa shafti inayopenya ukuta. Mahali shafti inapopenya pana sili, na sili huvuja. Mtambo unaovuja amonia unahitaji mwangalizi wa kudumu, na mwangalizi wa kudumu anahitaji mwajiri. Kwa maoni ya mwandishi, hii ni sababu mojawapo kubwa iliyoufanya ubaridi ubaki kwa miongo mingi kuwa mali ya viwanda vya bia, machinjio na meli, na usiingie jikoni. Bei ya feleji ilichangia, lakini uadui wa amonia na shaba ulichangia pia.

Jokofu la nyumbani na gesi zake mbili

Vipozeo viwili vilivyofungua mlango wa jikoni vilikuwa dioksidi ya salfa na kloridi ya methili. Vyote viwili viliikubali shaba, mradi unyevu usiwepo. Masharti hayo ya ukavu hayakuwa madogo. Dioksidi ya salfa ikikutana na maji hutengeneza asidi inayokula chuma na shaba kwa pamoja.

Raoul Pictet wa Geneva alikuwa amekwisha kuitumia dioksidi ya salfa katika miaka ya 1870, na mashine zake zilisifiwa kwa jambo lisilo la kawaida: hazikuhitaji mafuta, kwa kuwa kipozeo chenyewe kiliteleza vya kutosha kulainisha silinda. Kompresa ndogo za kasi za karne ya 20 hazikuweza kuishi hivyo, na mafuta yalipoingizwa tatizo lingine likajitokeza. Dioksidi ya salfa katika hali ya kimiminika ina tabia ya kuyachambua mafuta ya petroli, ikitoa ndani yake misombo isiyo imara. Mkemia Mromania Lazăr Edeleanu aliigeuza tabia hiyo kuwa faida mwaka 1908 alipobuni njia ya kusafishia mafuta ya taa kwa dioksidi ya salfa. Ndani ya jokofu usafishaji huohuo ulikuwa balaa, maana kilichochambuliwa kiligeuka tope na kuziba njia. Dawa yake ilikuwa kuyasafisha mafuta kabla hayajatiwa, hadi yawe meupe kama maji, ili kipozeo kisikute cha kuchambua.

Mwaka 1927 kampuni ya General Electric iliuza jokofu lililoitwa Monitor Top, lenye dioksidi ya salfa. Ubunifu wake mkubwa ulikuwa kuifunga mota na kompresa ndani ya gamba moja la feleji. Hapakuwa tena na shafti inayopenya wala sili ya kuvuja. Lakini tangu siku hiyo nyaya za mota, vanishi yake, uzi unaozifunga na karatasi inayozihami vyote vilizamishwa katika kipozeo na mafuta kwa maisha yote ya mtambo. Fundi hawezi kulifungua gamba hilo kuona kinachoendelea. Hapa, kwa maoni yetu, ndipo utangamano ulipotoka mikononi mwa fundi na kuwa kazi ya mkemia.

Kloridi ya methili ilikuwa na sifa zinazofanana, pamoja na wepesi wa kuchanganyika na mafuta ya madini, jambo lililosaidia mafuta kurudi kwenye kompresa badala ya kukwama upande wa baridi. Ubaya wake ulikuwa wa aina mbili. Kwanza, ni sumu yenye harufu hafifu, tamu kidogo, isiyomwamsha mtu aliyelala. Katika jiji la Chicago, mwishoni mwa miaka ya 1920, watu kadhaa walikufa kwa kuivuta kutoka katika majokofu ya nyumbani. Pili, huivimbisha mipira ya asili na kuzishambulia metali nyepesi, yaani zinki, magnesi na zaidi ya yote alumini. Kloridi ya methili ikikaa na alumini huzalisha misombo ya alumini na methili, maarufu miongoni mwake ikiwa trimethili ya alumini. Hiyo ni kimiminika kinachowaka chenyewe papo hapo kinapoguswa na hewa, na humenyuka kwa ukali kinapoguswa na maji. Wahandisi wa zama hizo walilijua jambo hili vizuri. Vitabu vya mafundi vilikataza alumini katika mitambo ya kloridi ya methili, na watengenezaji walitii. Msomaji aliweke akilini katazo hilo, kwa maana tutalirudia.

Miaka hamsini ya amani

Mwaka 1928 Thomas Midgley pamoja na Albert Henne na Robert McNary, wakiifanyia kazi kampuni ya General Motors, walipata kipozeo ambacho baadaye kilijulikana kwa namba R12. Mwezi Aprili 1930, mbele ya mkutano wa Jumuiya ya Kemia ya Marekani mjini Atlanta, Midgley aliivuta gesi hiyo mapafuni kisha akaipuliza juu ya mshumaa, ukazimika. Kwa tendo hilo moja alionesha kwamba gesi si sumu na haiwaki. Sifa ya tatu haikuwezekana kuoneshwa jukwaani, na pengine ndiyo maana historia inaitaja kwa nadra: R12 ilipatana na karibu kila kitu. Ilikubaliana na shaba, chuma, feleji na alumini za kawaida. Iliyeyukiana kabisa na mafuta ya madini ya bei nafuu. Klorini iliyomo ndani yake, pale vyuma viliposuguana kwa joto, ilijenga utando mwembamba wa kloridi ya chuma uliozilinda beringi. Yaani kipozeo chenyewe kilikuwa kilainishi msaidizi, bila mtu kukiajiri kwa kazi hiyo. Mpira wa asili ulivimba ndani yake, lakini bahati ilitaka kampuni ya Du Pont itangaze mpira wa kutengenezwa, baadaye ukiitwa neoprini, katika miaka ileile.

Wabunifu waliitumia amani hiyo kwa ukarimu. Alumini, iliyokuwa imekatazwa, iliingia kila mahali: pistoni, vifuniko, mapezi, vivukizi vilivyobanwa kutoka bapa mbili za metali. Ilikuwa nyepesi, nafuu, na ilipitisha joto vizuri. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuikataa.

Amani, hata hivyo, haikuwa kamili, na walioujua ukweli huo walikuwa wachache waliokaa maabara. Chombo chao kilikuwa mrija mdogo wa kioo. Ndani yake waliweka kipande cha feleji, cha shaba na cha alumini, wakatia kiasi kidogo cha mafuta, wakagandisha mrija katika baridi kali, wakaingiza kipozeo, kisha wakauyeyusha mdomo wa kioo kwa moto hadi ukaziba. Mrija ulioandaliwa hivyo uliwekwa kwenye tanuri la joto la kiasi cha nyuzi 175 kwa siku 14. Mantiki yake ilitokana na kanuni ya jumla ya kemia kwamba kila joto linapopanda kwa takribani nyuzi 10, kasi ya mmenyuko huongezeka maradufu. Hivyo wiki mbili za tanuri zilisimama badala ya miaka mingi ya jikoni. Mrija ulipotolewa, mtafiti alitazama rangi ya mafuta, akatazama kama feleji imevikwa wekundu wa shaba, kisha akaipima gesi yenyewe.

Kwa njia hii Hans Spauschus na mwenzake Doderer, wa General Electric, walichunguza mmenyuko wa R12 na mafuta ya petroli na kuchapisha matokeo mwaka 1961. Ilibainika kwamba palipo na joto na chuma, R12 hupokonywa atomu moja ya klorini na kupewa hidrojeni kutoka kwenye mafuta. Kinachobaki ni kipozeo kingine, R22, na kinachotoka ni asidi ya kloridi ya hidrojeni. Kiasi cha R22 kilichokutwa katika mrija ambao haukutiwa R22 kiligeuka kuwa kipimo cha uharibifu. Asidi nayo iliendeleza kazi: pamoja na unyevu, iliisaidia shaba kuyeyuka kutoka kwenye kuta za mabomba, ikasafiri ndani ya mafuta, ikaja kutua juu ya beringi za feleji zenye joto. Mafundi waliopasua kompresa zilizokufa walikuta beringi zimevaa koti la shaba ambalo kiwanda hakikulitengeneza. Nafasi kati ya shafti na beringi ilikuwa imejaa, na kompresa ilikuwa imekaba. Si ajabu kwamba wengi waliamini kompresa hiyo ilitoka kiwandani ikiwa mbovu.

Haya yote yalijulikana, lakini yalichukuliwa kuwa maradhi ya uzee. Katika joto la kawaida R12 ilistahimili. Wabunifu wa vizazi viwili walikua wakiamini kwamba utangamano ni hali ya kawaida ya mambo, na ugomvi ni ajali.

Mafuta mapya

Uthabiti ulioifanya R12 ikae salama ndani ya jokofu ndio uliokuwa kosa lake nje. Gesi isiyotaka kumenyuka na kitu hupanda juu hadi kwenye tabaka la ozoni, na huko mionzi ya urujuanimno huivunja na kuitoa klorini. Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza hayo mwaka 1974. Itifaki ya Montreal ilitiwa saini tarehe 16 Septemba 1987. Nchi zilizoendelea zilitakiwa kuacha CFC ifikapo 1996, na nchi zinazoendelea, zikiwemo za Afrika Mashariki, ifikapo 2010.

Mrithi wa R12 katika majokofu na magari alikuwa R134a. Haina klorini, na kwa ozoni hiyo ilikuwa ndiyo sifa yake. Kwa mtambo ilikuwa ndiyo kasoro. Kwanza, kinga ya bure ya beringi iliondoka. Pili, R134a haiyeyukiani na mafuta ya madini. Mafuta yakitoka kwenye kompresa hubaki upande wa baridi kama uji mzito, na kompresa huishia kukauka. Ikabidi yatengenezwe mafuta mapya kabisa. Viwanda vya magari vilichagua polialkilini glikoli, viwanda vya majokofu vikachagua mafuta ya poliolesta.

Poliolesta inastahili kuelezwa kidogo, kwa kuwa ndani yake kuna kejeli ya kikemia. Esta hutengenezwa kwa kuunganisha alkoholi na asidi, na maji hutoka kama mabaki. Mmenyuko huo unaweza kurudi nyuma: ukiirudishia esta maji na joto, hugawanyika tena kuwa alkoholi na asidi. Nayo poliolesta hupenda maji. Mafuta ya madini yalikataa unyevu karibu wote, lakini kopo la poliolesta lililoachwa wazi hunyonya unyevu wa hewa kwa saa chache, na pampu ya kuvuta hewa haiutoi kwa urahisi. Fundi wa zamani aliyezoea kuacha kompresa wazi wakati akinywa chai alikuwa sasa anatia mbegu ya asidi ndani ya mtambo. Katika miji ya pwani, Mombasa, Tanga, Dar es Salaam, ambako hewa imelowa mwaka mzima, tabia hiyo iligharimu zaidi kuliko ambavyo ingegharimu katika nchi kavu.

Walioamua kuubadilisha mtambo wa R12 badala ya kununua mpya walikuta mtihani mwingine. Mafuta ya zamani yalipaswa kuondolewa kwa kusuuzwa mara kadhaa, hadi mabaki yake yawe chini ya asilimia 5 au karibu na hapo. Sili zilizokuwa zimevimba kwa miaka katika kipozeo na mafuta ya kale zilinywea zilipopewa vipya, na mitambo iliyokuwa haivuji ikaanza kuvuja. Viwandani nako kulifichuka jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Nta iliyotumika kusukia nyaya za mota na mafuta yaliyotumika kuvutia mabomba ya shaba yalikuwa yakibaki kidogokidogo ndani ya kila jokofu tangu zamani, na mchanganyiko wa R12 na mafuta ya madini uliyayeyusha kimyakimya. R134a haikuyayeyusha. Yaliganda kwenye mrija mwembamba wa kapilari na kuuziba. Viwanda vililazimika kuchunguza upya kila tone lililogusa kila kipuri.

Ukubwa wa kazi hiyo unaonekana katika mpango wa utafiti ulioanzishwa nchini Marekani mwaka 1991 kwa fedha za Wizara ya Nishati na kusimamiwa na taasisi ya utafiti ya watengenezaji wa viyoyozi na majokofu. Kwa miaka kadhaa maabara mbalimbali zilipima metali, mipira, plastiki, vihami vya mota na vikaushio dhidi ya vipozeo vipya na mafuta mapya, na matokeo yakatolewa hadharani. Ilikuwa mara ya kwanza elimu hii, iliyokuwa siri ya kila kampuni, kukusanywa mahali pamoja. Mpango huo ulipima vitu ambavyo mbunifu mwaminifu angeviweka pamoja. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kupima kile ambacho mdanganyifu angekitia.

Makontena ya 2011

Mwaka 2011 makontena ya baridi, yale yanayobeba samaki, nyama na matunda baharini, yalianza kulipuka. Milipuko ilitokea nchini Vietnam, Brazili na China, nayo iliwaua wafanyakazi watatu. Mengi ya makontena yaliyoshukiwa yalikuwa yamehudumiwa nchini Vietnam. Kampuni za meli ziliyatenga mamia ya makontena, na katika baadhi ya bandari wafanyakazi walikataa kuyagusa.

Uchunguzi ulibaini kwamba mitambo hiyo, iliyotengenezwa kwa ajili ya R134a, ilikuwa imejazwa gesi bandia yenye kloridi ya methili. Sababu ya udanganyifu ni rahisi kueleweka. Kloridi ya methili ni malighafi ya kawaida ya viwanda, hasa vya silikoni, na bei yake ni ndogo. Huchemka katika nyuzi 24 chini ya sifuri, na R134a katika nyuzi 26 chini ya sifuri. Tofauti hiyo ya nyuzi mbili ni ndogo mno kwa geji ya fundi. Mtungi bandia huonesha shinikizo linaloaminika, na mtambo uliojazwa gesi hiyo hupoza. Kwa vigezo vyote alivyo navyo fundi wa kawaida, kazi imefanyika vizuri.

Lakini ndani ya kontena la kisasa mna alumini tele. Alumini hiyo iliwekwa na kizazi cha wabunifu waliorithi amani ya R12, na ikabaki wakati wa R134a kwa kuwa nayo haina ugomvi nayo. Kloridi ya methili ilikutana na metali ileile iliyokatazwa kukutana nayo tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Trimethili ya alumini ilijikusanya taratibu bila dalili ya nje. Fundi alipofungua vali, au kiungo kilipopasuka, hewa iliingia.

Taarifa nyingi za wakati ule zililichukulia tukio hili kuwa suala la uhalifu wa kibiashara, na bila shaka lilikuwa hivyo. Mtazamo huo, hata hivyo, unaficha upande wa pili. Gesi ileile bandia, ingetiwa kwenye mtambo wa mwaka 1930, ingepoza bila kulipuka, kwa sababu wajenzi wa mtambo huo walikuwa wameiondoa alumini makusudi. Hatari ilizaliwa pale gesi ya zama moja ilipokutana na mwili wa zama nyingine, na mbele yake alisimama fundi aliyefundishwa katika zama ya tatu, ambaye kitabu chake hakikuwa na ukurasa wa kloridi ya methili kwa kuwa hakuna aliyeitumia tena.

Njia mojawapo ya kujikinga iliyopendekezwa baada ya milipuko hiyo ilitoka stoo ya vitu vya kale. Taa ya halidi ni kifaa kidogo cha moto wenye kipande cha shaba kilichopashwa joto. Sampuli ya gesi yenye klorini ikipita hapo, mwali hugeuka kijani. Msingi wake ni jaribio lililoelezwa na mkemia Friedrich Beilstein mwaka 1872. Mafundi wa enzi ya R12 waliitumia kutafutia mivujo, kisha wakaitupa R134a ilipokuja, kwa kuwa gesi isiyo na klorini haiubadilishi mwali. Mwaka 2011 kasoro hiyo ndiyo iliyogeuka faida: mtungi ulioandikwa R134a hauna haki ya kuufanya mwali kuwa kijani.

Baada ya Kigali

Tarehe 15 Oktoba 2016 mataifa yaliyokutana Kigali, Rwanda, yalikubaliana kuipunguza R134a na jamaa zake wote kwa sababu ya mchango wao katika kuongezeka kwa joto la dunia. Marekebisho hayo yalianza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Kwa mara nyingine gesi inaondoka, na kwa mara nyingine mwili unapaswa kuifuata.

Safari hii warithi ni wengi na hawafanani. Isobutani, inayotumika katika majokofu ya nyumbani, inarudiana vizuri na mafuta ya madini yaliyoachwa katika miaka ya 1990, na inawaka. Propani nayo ni hivyohivyo. Vipozeo vipya vya magari, mfano R1234yf, vimeundwa vikiwa na muungano maradufu wa kaboni ili vivunjike mapema hewani visidumu angani. Lakini udhaifu huo uliowekwa kwa makusudi huwafuata hadi ndani ya mtambo, ambako hewa na unyevu vilivyosazwa na fundi mzembe huvigeuza kuwa asidi upesi kuliko ilivyokuwa kwa R134a. Dioksidi ya kaboni imerudi na shinikizo lake kubwa, ambalo hupenya ndani ya mipira ya sili na kuipasua pale shinikizo linaposhushwa ghafla. Amonia haikuwahi kuondoka viwandani.

Mafundi wa mijini kwetu watakuwa na mitungi ya aina zote hizi kwa wakati mmoja katika karakana moja, hali ambayo haikuwahi kumkuta fundi wa 1935 wala wa 1975. Duka la vipuri litaendelea kuuza mabomba ya shaba kwa ajili ya jokofu la isobutani na kiyoyozi cha propani, na kiwanda cha barafu kilicho mtaa wa pili, chenye amonia, hakitaweza kununua hapo hata kiungo kimoja.